Darubini ya bunduki ya shabaha: MOA au mili?

Mlenga_Yadi1000
Wakuu, heshima zenu. Nipo Uingereza, nimejiunga na klabu ya kulenga shabaha na msimu ujao nataka kuanza F-Class (kulenga shabaha ya mbali ukiwa umelala, bunduki imeegemezwa) pale uwanja wa Bisley. Hela ya darubini ipo, kinachonikwamisha ni kipimo: ninunue ya MOA (dakika ya pembe) au ya mili? Klabuni kila mtu anavutia kwake. Mimi nimekulia kwenye mita na sentimita, kwa hiyo moyo unaelekea mili.

Binti_Pangani
Kaka, kwanza weka kando hilo la mita. Mili si mali ya mita, wala MOA si mali ya inchi. Vyote viwili ni pembe. Digrii moja ukiigawa mara 60 unapata MOA, na duara zima lina 21,600. Mili ni sehemu moja ya elfu ya rediani (kipimo kingine cha pembe), na duara zima lina takribani 6,283. Mili 1 kwenye mita 1,000 ni mita 1. Kwenye yadi 1,000 ni yadi 1. Kubadilisha: mili 1 ni MOA 3.44.

Kwa F-Class ningekushauri MOA bila kusita, na sababu yangu ni shabaha yenyewe. Duara la katikati kabisa lina upana wa karibu nusu MOA, ambayo kwenye yadi 1,000 ni kama sentimita 13. Darubini ya mili kwa kawaida husogea mili 0.1 kwa kliki moja (hatua moja ya kizungushio cha kurekebisha), na huko mbali hiyo ni sentimita 9. Ya MOA yenye kliki ya thumuni husogea sentimita 3.3 tu. Ukiwa umelala pale, upepo umetulia, unataka kuivuta risasi kidogo irudi katikati, hatua ya sentimita 9 ni kubwa mno.

Babu_Ohio
Binti kasema kweli kwa F-Class. Ila wanaosoma hapa wasidhani mili haina kazi. Huku Marekani kwenye mashindano ya PRS (Precision Rifle Series), yaliyoanza 2012, karibu kila mtu anatumia mili. Mle unalenga mabamba ya chuma yaliyo umbali mbalimbali, saa inakimbia, na bamba ama umeligonga ama hukuligonga. Thumuni ya MOA haikuongezei kitu. Kinachokusaidia ni namba fupi. Bunduki ya risasi za .308 kufika yadi 1,000 inahitaji kupandishwa kama mili 11, ambazo ni MOA 38. Mwenzako anayekutazamia akisema "kulia sita", umeelewa ni 0.6, umerekebisha, umefyatua.

Na kukadiria umbali ni rahisi: urefu wa kitu kwa mita, zidisha kwa 1,000, gawa kwa mili unazosoma. Bamba la sentimita 45 likijaza mili 0.9, liko mita 500. Kwa MOA utazidisha sentimita kwa 34.4 kisha ugawe. Inawezekana, lakini si kwa kichwa huku muda unakwisha.

Mlenga_Yadi1000
Shukrani, Babu. Kuna darubini iliyotumika naiona kwa bei nzuri, msalaba wake (mistari ya kulengea unayoiona ndani) una alama za mili lakini vizungushio ni vya robo MOA. Je, nikiijulia hesabu itanifaa?

FundiLenzi
Mkuu, iache. Hapo ndipo watu wanapoteza pesa. Raha yote ya alama za msalaba ni kwamba ukiona risasi imetua chini kwa alama fulani, unazungusha namba ileile, hujali ni sentimita ngapi. Kwa darubini hiyo, risasi ikitua mili 1.5 chini, lazima uzidishe kwa 3.44 upate MOA 5.16, kisha uhesabu kliki 21. Kila risasi hivyo? Msalaba na vizungushio viwe vya kipimo kimoja, basi.

Uliza pia kama msalaba unakua pamoja na picha unapoongeza ukuzaji. Kama haukui, alama zake ni sahihi kwenye ukuzaji mmoja tu uliotajwa na mtengenezaji. Kwa F-Class si kikwazo, kwa sababu umbali unajulikana.

Binti_Pangani
Niongeze kwenye hilo la ununuzi. Zipo darubini zinazoitwa za MOA kumbe zinasogea inchi kamili kwa kila yadi 100, wakati MOA halisi ni inchi 1.047. Kwa marekebisho madogo ya mita 100 huoni tofauti. Ukipandisha MOA 30 kwenda yadi 1,000, unakosa kwa karibu inchi 14, na utalaumu baruti.

Ipime kabla ya kuiamini. Bunduki iwe imesharekebishwa kupiga katikati kwenye mita 100. Simamisha ubao mrefu umbali huo, chora mstari wima kwa timazi, piga risasi chache ukilenga alama ya chini. Pandisha MOA 30, piga tena ukilenga alama ileile. Kundi la juu likiwa sentimita 87.3 kutoka la chini, hiyo ni MOA halisi. Likiwa 83.3, ni ya inchi: weka hivyo kwenye programu yako ya mwendo wa risasi, au mrudishie muuzaji.