Ushauri: Kikao cha familia kimeamua niache kila kitu nirudi Kibosho kumuuguza mama

Manka wa Kusini
Habari zenu wakuu. Nina miaka 27, ni nesi mwenye diploma, kituo changu kipo wilaya moja mkoani Lindi. Kwetu Kibosho, Moshi. Tupo watatu: kaka mkubwa yuko Arusha na biashara zake, mimi, na mdogo wetu wa kiume anayeishi na mke wake kihambani, yaani shamba la nyumbani la ukoo.

Mwaka jana mwezi wa tisa mama alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Anaongea, ila kuoga na kwenda chooni mpaka ashikwe. Krismasi tulipopanda nyumbani kikakaliwa kikao. Mtori haujaiva, baba mkubwa ameshatoa uamuzi: nihame au niache kazi, kwa sababu "wewe ndiye nesi, na hujaolewa". Kaka akaitikia kwa kichwa. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Sasa nimepata nafasi ya kusoma digrii na mwajiri ameshanipa ruhusa. Mama mwenyewe ananiambia nikasome, ila akimaliza kusema hivyo anauliza nakuja lini. Nifanyeje? Matusi sitaki.

Kibo Juu
Dada, mama ni mmoja. Vyuo havihami. Rudi.

Bilionea Asiye na Kazi
Huyo hapo juu anaandika akiwa sebuleni kwa mama yake, anasubiri kupakuliwa 😂

Mzee wa Machame
Mimi ni Mchaga, niseme la kwetu. Kimila, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayeachiwa nyumba ya wazazi na kihamba chake. Haachiwi bure, anaachiwa kwa kuwa ndiye anayebaki na wazee. Huyo mdogo wako anakula ndizi na kuuza kahawa ya hapo, halafu wa kumtunza mama anatafutwa Lindi? Baba mkubwa ameikumbuka mila nusu. Muulize hilo kwa adabu, mbele ya wote. Ila ujue mdogo wako hatamwogesha mama, atakayeogesha ni wifi yako. Anza kuongea na yeye.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, barua ya kuacha kazi usiiandike. Mama umemwingiza kwenye bima yako? Mtumishi anaruhusiwa kuandikisha wazazi kama wategemezi. Ukiacha kazi kadi yake inakufa pamoja na yako, na mgonjwa huyo ana kliniki, mazoezi ya viungo, dawa za presha kila siku. Pensheni ya PSSSF nayo inataka miezi 180 ya kuchangia, wewe ndiyo kwanza unaanza.

Ukitaka kusogea, tafuta mtu wa Moshi mbadilishane vituo, maombi yanapita kwenye ESS, ule mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma. Uhamisho wa kuomba mwenyewe hauna posho, gharama ni zako. Na uliza kwanza ruhusa ya masomo itakuwaje, maana aliyekupa ni mwajiri wa sasa.

Mengine yanafundishika: kumgeuza asilale upande mmoja, kutomvuta mkono uliolegea wakati wa kumnyanyua. Likizo moja inatosha kumwelekeza wifi yako au dada wa kazi.

Mama Wawili
Mimi nilirudi. Nilifunga duka Kahama nikamuuguza baba mpaka alipotutoka, na kumuuguza sijutii. Matanga yalipoisha kaka yangu akaniuliza naondoka lini, kuna mpangaji anakitaka chumba. Ukirudi, yaandikwe: nani anatoa nini, mpaka lini.

Kibo Juu
Sawa, ila mtu wa kulipwa hawezi kumpenda mama yako kama wewe.

Manka wa Kusini
Asanteni sana. Bima mama yumo. Wifi nimempigia leo, kumbe hata yeye kikaoni hakuulizwa, alikuwa jikoni. Anayemwogesha mama ni yeye, tangu mama alipotoka hospitali. Anachotaka ni mtu wa kumsaidia, kwa sababu ana mtoto mchanga, na hela ya pampasi za mama isipitie kwa mume wake. Hapo kwenye hela nimemwelewa bila maelezo. Kaka wa Arusha nimemwomba alipe msaidizi, kajibu "nitaangalia".

Walioko Moshi, dada wa kazi anayekubali kukaa na mgonjwa analipwa shilingi ngapi kwa mwezi? Nataka nimpe kaka bei kamili, aache kuangalia.