Mashine ya chesi kuruka hatua bila kuzipima: ni akili au kubahatisha?

Mleta mada:
Wakuu habari za jioni. Jana jamaa kasema programu za chesi zinashinda kwa spidi ya kompyuta tu, zinahesabu kila kitu basi, akili hakuna. Imeniuma kwa kweli. Mwanzo wa gemu mweupe ana hatua 20, mweusi akijibu ni njia 400, kila mmoja akicheza mara ya pili zimefika 197,281 na hapo gemu ndo kwanza limeanza, nani atahesabu zote? Deep Blue, kompyuta ya IBM iliyompiga bingwa wa dunia Kasparov 1997, iliangalia hadi pozisheni milioni 200 kwa sekunde, programu ya leo ya Stockfish kwenye laptop ya kawaida haigusi namba hiyo na bado ingeichapa vibaya sana, kwa sababu inajua kipi cha kuacha.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu tusichanganye mambo. Alfa-beta, ile mbinu ya kuacha hatua zisizoweza kubadili jibu, haina shida, ukishapata jibu moja linaloiua hatua huna haja ya kutafuta la pili, matokeo yanabaki yale yale. Ila hii nalimuvu (null move, hatua tupu) ndo siielewi, eti mashine inaruka zamu yake makusudi, mpinzani anacheza mara mbili mfululizo, ikijiona bado iko vizuri inakata tawi zima, yaani hatua zote zinazofuata hapo haizipimi tena! Chukua ubao uone: mfalme mweupe c6, kitunda chake d6, mfalme mweusi c8, zamu ya mweusi. Kafa huyo, kwa sababu analazimika kucheza. Akienda d8 kitunda kinasogea d7, anakimbilia e7, mfalme mweupe anaingia c7, malkia mpya anazaliwa. Sasa mruhusu mweusi aruke zamu: mweupe akisukuma d7, mweusi anakwenda d8, na mweupe akikilinda kitunda kwa d6 mweusi hana pa kukanyaga, droo. Mashine inaandika droo kwenye gemu iliyopotea.

Mleta mada:
Ndugu yangu mfano wako ni sahihi kabisa na wanaoziandika wanaujua siku nyingi, ndo maana upande ukibaki na mfalme na vitunda tu nalimuvu inazimwa. Na wewe unatazama kinachokatwa tu, muda uliookolewa unaenda wapi? Mashine ikikuta hatua moja imezizidi zingine zote kwa mbali, inaichimba hiyo kwa kina zaidi, mbinu hiyo Hsu, mmoja wa waliounda Deep Blue, na wenzake waliileta tangu miaka ya 1980 kabla ya Deep Blue. Mchezaji mzuri si ndo anavyofanya?

Mchangiaji wa pili:
Hapo kwa mchezaji mzuri ngoja kwanza. Botvinnik alikuwa bingwa wa dunia, akahangaika miaka na programu yake Pioneer ichague hatua chache kama binadamu, haikufika popote. Kukata kulikofanikiwa ni kule kunakojihakiki: mashine inapanga hatua kuanzia inayoonekana bora, zile za mwisho kwenye orodha zinapimwa kijuujuu, ikitokea moja imeonekana nzuri inarudiwa kwa kina kamili. Mimi nakubali kukata, ila kwa sharti hilo la kurudia.

Mchangiaji wa kwanza:
Sharti hilo nalikubali. Ila nalimuvu ikikosea kete zikiwa bado nyingi ubaoni, nani anairudia?