Baga au kuku: elfu kumi na tano inaleta nyama wapi, Arusha na Moshi?

Mpare wa Sakina
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi wapwa zangu watatu wanashuka kutoka Same kuja Arusha, na wameshatangaza mapema kwamba makande hawataki. Wanataka vile wanavyoviona kwenye simu: baga na kuku wa kukaanga. Nimejipanga kwa 15,000 kila kichwa, nauli nimeitenga kivyake.

Nimezunguka kidogo. Baga za mikahawa ya mjini na Njiro, ukiweka na chipsi na soda, hela inaisha yote na pengine unaongeza. Mkate mzuri, sahani nzuri, jani la saladi limekaa vizuri, ila nyama unaitafuta. Kuku wa kampuni kubwa kama KFC, wale wa ndoo, ganda lake tamu lakini vipande vyenyewe unapangiwa, leo bawa kesho kidali. Chipsi kuku za kibandani zinakuachia chenji. Halafu kuna kuku wa mkaa pale kwa Khan, Mtaa wa Msikiti, ambapo mchana ni duka la vipuri vya magari na jioni moshi unapanda.

Siulizi kipi kitamu, kila mtu ana ulimi wake. Nauliza kwa hela hiyo hiyo wapi napata nyama nyingi na ya maana.

Chuga Damu
Wapeleke Kwa Mrombo wakale choma, uzi ufungwe.

Mpare wa Sakina
Mbuzi wanamla kwao mkuu. Soma mada.

Bucha la Kona
Mimi nauza nyama, kwa hiyo acha niseme ya upande wangu. Baga ni nyama ya kusaga, na nyama ya kusaga ndiyo pa kumpigia mteja kirahisi. Kipande kikiwa na mishipa unakiona kwa macho. Kikishapita kwenye mashine, mishipa, mafuta na mabaki ya jana vyote vina rangi moja. Mwenye mkahawa anayejua kazi yake anakuja mwenyewe asubuhi, anachagua bega, anasimama hapo mpaka isagwe, na anataka mafuta yabaki kiasi cha moja ya tano, maana nyama isiyo na mafuta kabisa ikiguswa na moto inakuwa kokoto. Mwingine anapiga simu tu: "Niletee ya kusaga, ile ya bei ya chini." Akifika jikoni anaongeza chenga za mkate, yai na kitunguu. Hiyo ni kababu, na kababu sina ugomvi nayo, lakini usiilipie bei ya nyama tupu.

Uliza gramu. Mhudumu asipojua, aulize jikoni. Hata huko wanakosifiwa, namba zinachekesha. McDonald's, ambao hapa Tanzania hawapo, wana Quarter Pounder ya gramu 113 kabla haijaiva. Big Mac, ile ndefu inayopigwa picha, ina vipande viwili vya gramu 45, jumla 90. Ndefu ndiyo yenye nyama kidogo, mkate wa katikati umejaza nafasi. Na kumbuka kwenye chuma cha moto nyama inapungua karibu robo ya uzito.

Dada wa Njiro
Kaka wa bucha umenifungua macho. Halafu wale wanaokuuliza "iive kiasi gani" kwenye baga mniambie ni wa wapi. Steki sawa, vijidudu viko juu na moto unavimaliza. Ukishasaga, ya juu imeingia ndani. Baga iive mpaka katikati, nyuzi 71, basi. Watoto wakija na mimi hiyo ya pinki hailiwi.

Fundi Jiko
Nimekaanga kuku hotelini na nimekaanga kibandani, naomba nafasi.

Hesabu kwanza. Kuku wa kisasa aliyesafishwa wa kilo moja na robo, ukimgawa mara nne kila robo ina gramu 300 na kidogo. Toa mfupa, tuseme ni theluthi, unabaki na gramu 200 za nyama mbichi. Linganisha na hizo 113 za kaka wa bucha. Na mfupa una heshima yake: paja ni paja, huwezi kulichanganya na chenga za mkate.

Sasa ubora. Tofauti kubwa kati ya wale wa ndoo na kibandani wengi wanadhani ni viungo. Viungo vipo, ila kinachofanya kazi ni presha. Mzee Sanders, mwanzilishi wa KFC, kule Kentucky Marekani alikuwa anakaangia kwenye kikaango cha kawaida, wateja wakisubiri karibu nusu saa. Mwaka 1939 akaanza kukaangia kwa sufuria ya presha, kuku akawa anaiva haraka na maji ya nyama yanabaki ndani. Ndiyo maana ukiuma kidali chao hakikusongi.

Kibandani hatuna hiyo mashine. Tunachemsha kwanza na tangawizi, kitunguu swaumu, limao na chumvi, kisha mteja akija tunamtumbukiza kuku kwenye mafuta. Ni njia nzuri tu, viungo vinaingia mpaka kwenye mfupa. Inaharibika pale anapokaangwa saa kumi jioni, akakaa kwenye kabati la kioo na taa yake, halafu saa tatu usiku anarudishwa kwenye mafuta "apate moto". Huyo ameshakauka, na ngozi inakatika kwa kelele kama karatasi. Kwa hiyo usichague kilichoko kwenye kioo. Sema: "Nikaangie hicho kilichochemshwa, nasubiri." Dakika kumi hivi. Akikataa, sogea kibanda cha pili.

Mafuta angalia kabla hujakaa. Mazuri unaona chipsi zikiwa chini ya karai. Yakiwa meusi, yanatoa povu dogo dogo ambalo halitulii na moshi unauma macho, hapo unalipia ugonjwa.

Chuga Damu
Fundi umenikosesha hamu ya kibanda changu cha Ngarenaro 😂

Fundi Jiko
Kibanda chenye foleni usikiogope. Foleni inamaliza kuku mapema. Kiogope kile kilichotulia chenye kioo kimejaa.

Mzee wa Majengo
Wanangu, niwasalimu kutoka Moshi. Huku baga zipo kwa ajili ya wanaopanda na kushuka mlimani, na bei yake imepangwa kwa mifuko yao. Mgeni ametoka siku sita juu kule anakula mtori na wali, akishuka atalipa chochote umwekee jibini. Wewe mwenye shilingi huna haja ya kugombania meza ile. Jioni pita mitaa ya karibu na stendi, chipsi kuku zimejaa na kachumbari hawakupimii kwa kijiko.

Na hao vijana wanaosema kuku wa kisasa hana ladha, wanasema kweli, lakini kwa kukaanga ndiye mwenyewe. Wiki tano au sita tayari yuko sokoni, nyama laini. Kienyeji ukimkaanga bila kumchemsha muda mrefu utamtafuna mpaka taya ziume. Kienyeji ni wa mchuzi na ndizi. Mtu akikuuzia "kienyeji wa kukaanga" laini kama siagi, muulize huyo kienyeji amezaliwa lini.

Jambo jingine, hao kuku ni wa kwetu. Mnakumbuka mwaka 2017 pale Namanga, vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa moto kwa sababu ya katazo la kuingiza kuku? Mimi roho iliniuma, sitaki kusema uongo. Lakini ndivyo mipaka ilivyokuwa, na anayekaanga Arusha mara nyingi anauza kuku wa mfugaji wa hapa hapa.

Mtoto wa Namanga
Shikamoo mzee. Nimesoma Nairobi, niongezee kuhusu kampuni kubwa. KFC waliingia Kenya 2011 na Dar 2013. Ladha hailingani na kibanda kwa kitu kimoja: leo na mwezi ujao ni ile ile. Hapo ndipo hela yako inapokwenda, kwenye kutobadilika. Ila Januari 2022 waliishiwa chipsi Kenya, nchi imejaa viazi, kwa sababu vyao vilikuwa vinatoka nje kwa meli na meli imechelewa. Mama wa kibandani anayenunua gunia la viazi soko la Kilombero hapa Arusha hajawahi kukwambia meli haijafika.

Mzee wa Majengo
Marahaba. Hiyo ya meli nilicheka sana.

Dada wa Njiro
Mpare, tumesahau kwa Khan kwenye hesabu. Pale kuku ni wa mkaa, mafuta yanadondoka badala ya kuingia, na saladi ziko pembeni. Kwa watoto tahadhari ni pilipili tu, sema mapema.

Mpare wa Sakina
Asanteni wote. Nimeamua. Wapwa kila mmoja robo kuku, paja, ya kukaangwa mbele yetu, na chipsi. Hapo nimebakiwa na hela. Hiyo inayobaki tunanunua baga moja ya mkahawani, nitauliza gramu kama alivyosema wa bucha, tunaikata vipande vinne, kila mtu aonje na picha wapige.

Bucha la Kona
Waambie jikoni wakukatie kwa kisu cha msumeno na wachomeke kijiti. Mkikata wenyewe kwa kisu cha mezani, mayonezi yote inaishia kwenye meza.

Chuga Damu
Na mimi nakuja Jumamosi mjomba. Paja langu lisiwe la kwenye kioo.