Ndege mbili za mafunzo zimenusurika kugongana: mwanafunzi afukuzwe au asikilizwe?

Mleta mada, Ngamiani

Ndugu zangu, jana barazani kwetu barabara ya 12 tulibishana mpaka adhana ya Isha ikatukuta. Mzee mmoja ana mjukuu anayesomea urubani mbali na hapa Tanga. Kijana amempigia simu babu yake: wenzake wawili, kila mmoja peke yake ndegeni, nusura wauane. Mmoja aliingia kwenye barabara ya kurukia wakati mwingine anakaribia kugusa chini. Aliyekuwa anatua akaongeza moto, akapita juu yake. Hakuna aliyeumia. Aliyeingia amesimamishwa masomo, na wengi barazani walisema afukuzwe kabisa, kazi hiyo haina kubahatisha.

Mimi nasema wakimfukuza watakuwa wamejiziba masikio wenyewe. Nasema hivyo kwa sababu mimi nilikuwa yule aliyeingia.

Nilisomea urubani miaka ya nyuma, nikaishia njiani kwa ajili ya ada. Chuo sikitaji, uwanja siutaji. Asubuhi moja nilisimama kwenye alama za njano zilizochorwa kabla ya barabara ya kurukia: mistari miwili mizima upande wako, miwili ya kukatika upande wa pili. Pale unasimama, unatazama, unatangaza redioni, ndipo unavuka. Uwanja haukuwa na mnara wa kuongozea ndege, tulikuwa tunaambizana wenyewe kwa wenyewe. Nilitazama, nikatangaza, kimya. Nikavuka. Kwanza nikaona kivuli kinapita juu ya boneti yangu, mngurumo ukafuata.

Ndege yangu mabawa yake yalikuwa juu ya kichwa, na jinsi nilivyoiegesha, bawa lilifunika kipande kilekile cha anga alikokuwa anashukia mwenzangu. Halafu redio. Tulibonyeza sekunde moja. Kwenye redio za ndege, wawili wakibonyeza pamoja hakuna kati yao anayemsikia mwenzake, na wasikilizaji wengine wanaambulia mlio tu. Mimi nilidhani nimesikika, naye alidhani hivyo hivyo.

Mlio kama huo ulikuwepo kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa cha Tenerife, Hispania, tarehe 27 Machi 1977. Kulikuwa na ukungu, na ndege kubwa mbili za abiria, Boeing 747, zilikuwa kwenye barabara moja ya kurukia. Mnara na rubani wa ndege moja waliongea kwa pamoja, maneno yaliyotakiwa kusikika kwenye ndege iliyokuwa imeshaanza kukimbia yakaharibika. Walikufa watu 583. Marubani wale walikuwa na uzoefu wa miaka mingi, seuze mtoto wa mwezi wa nne chuoni.

Siku ile tulikutana na mwenzangu kantini. Tukatazamana, tukanywa chai, hakuna aliyesema. Tulijua anayesema anafukuzwa, na ada ya mzazi imeshaliwa. Sehemu ile ya kuvukia ingeweza kuua mtu wiki iliyofuata, na tuliojua ubaya wake tulikuwa wawili tu.

Mchangiaji, Chumbageni

Kaka, pole kwa yaliyokukuta, ila sikubaliani nawe. Mimi napanda ndege hapa Tanga kwenda Pemba kwa wakwe zangu. Tarehe 5 Machi 2024 jijini Nairobi, Cessna 172 ya mafunzo iligongana hewani na ndege ya abiria yenye watu 44 iliyokuwa inakwenda Diani. Ya abiria ilirudi salama uwanja wa Wilson, waliokuwa kwenye Cessna walifariki wote wawili. Wale abiria walikosa nini? Dereva wa daladala akipita taa nyekundu anakamatwa. Rubani abembelezwe kwa lipi?

Mleta mada

Dada yangu, hofu yako ni ya haki, na mimi sijasema abembelezwe. Marekani tangu 1976 wana utaratibu wa rubani kuandika mwenyewe kosa lake. Taarifa inapokelewa na NASA, shirika lao la anga za juu, ambao hawana mamlaka ya kumwadhibu. Akiiandika ndani ya siku 10, na hakukusudia, na hapakutokea ajali wala jinai, kwa kawaida hatozwi faini wala leseni yake haisimamishwi. Aliyekusudia hana kinga hiyo. Anayeficha naye akibainika, hapo mimi na wewe tuko pamoja: aadhibiwe. Lakini leo ukimfukuza aliyekiri, kesho huyo wa kuficha utamjuaje?

Mchangiaji, Mikanjuni

Nimefundisha watoto darasani miaka mingi, si ndege, ila naona mnamsahau mtu. Julai 2025 huko Manitoba, Kanada, wanafunzi wawili wa chuo kimoja waligongana wakiwa kwenye mazoezi ya kuruka na kutua. Wote wawili walifariki. Mtoto hajipangii zamu. Nani aliwaachia wale wenzake wawili wa mjukuu wa mzee wawe uwanjani kwa wakati mmoja, peke yao? Huyo mmemuuliza?

Mleta mada

Shikamoo mwalimu. Hapo umenishika, mimi mwenyewe sikuwahi kumuuliza mwalimu wangu wa urubani.

Mchangiaji, Chumbageni

Kwenye kuficha tumeelewana. Lakini chuo kisijichunguze chenyewe na kujisafisha. Taarifa iende kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi husika, na sisi abiria tuambiwe kilichorekebishwa.

Mleta mada

Hilo nalikubali lote. Mzee anampigia mjukuu wake leo baada ya Magharibi. Nimemwomba aulize kitu kimoja, nimemwandikia kwenye karatasi: yule kijana aliyesimamishwa, alipotangaza redioni, kuna mtu yeyote aliyemsikia?