Mume wangu aliganda moto ulipozuka. Utulivu mtu huzaliwa nao?

MamaPacha:
Habari zenu wakuu. Wiki iliyopita jiko la jirani lilishika moto, na tunapakana ukuta. Moshi ulipoanza kupenya kwetu, mume wangu alisimama katikati ya sebule na rimoti mkononi, anaitazama televisheni ambayo ilishazimika. Namwita, haitiki. Nikamkamata shati nikamvuta hadi nje. Tuko salama wote, lakini tangu siku hiyo kanyamaza, anajiona si mwanamume. Je, utulivu ni wa kuzaliwa nao?

ZimamotoMstaafu:
Pole dada. Mwambie shemeji kwamba tuliowakuta wameganda ni wengi, na wamo wababe. Ubongo ukipatwa na jambo ambalo haujawahi kulifanyia mazoezi, unatafuta la kufanya, unakosa, mwili unasimama. Huo sio woga.

Tazama ndege ya Japani iliyogongana na nyingine uwanja wa Haneda, tarehe 2 Januari 2024. Watu 379 ndani, moto unawaka, vipaza sauti vya ndege havifanyi kazi, na milango iliyofaa ni mitatu tu kati ya minane. Wote 379 walitoka. Wahudumu hawakuzaliwa na roho za chuma. Walikuwa wamefanya mazoezi hadi mikono ikazoea.

Nyumbani fanyeni hivyo hivyo. Usiku zimeni taa, mtoke chumbani hadi nje mkipapasa ukuta, mmeinama, maana moshi hupanda juu. Shemeji mpeni kazi yake, mathalani yeye ndiye wa kubeba pacha mmoja. Mwenye kazi mkononi hagandi kirahisi. Na ukimwona ameganda, mwite jina na amri moja: "Fulani, mlango!" Maelezo marefu hayaingii saa ile.

Kibonge_wa_Juu:
Mbona wataalamu wanasema vuta pumzi ndefu kwanza?

ZimamotoMstaafu:
Kwenye moshi? Utakufa umetulia, mkuu. Toka kwanza. Pumzi ni ya baadaye, mkiwa nje na moyo bado unadunda: itoe taratibu kuliko ulivyoivuta.

Bibi Tausi:
Mimi naongeza la majanga marefu. Wale wachimbaji 33 wa Chile, mwaka 2010, walikaa chini ya ardhi siku 69. Siku 17 za mwanzo hakuna aliyejua kama wako hai. Waligawana chakula kwa vijiko na kupangiana kazi. Nina hakika walilia pia. Mwanangu, mume wako mwache aseme, hata akilia. Ukimya huo ndio unaonitia wasiwasi. Usiku analala?

MamaPacha:
Halali vizuri, bibi. Anaamka kukagua jiko.

Bibi Tausi:
Kukagua si kubaya siku hizi za mwanzo. Ikizidi mwezi, mpeleke akaonane na mshauri. Usimwambie "jikaze".

ZimamotoMstaafu:
Na funguo za mlango zitundikwe palepale mlangoni, dada. Zisikae kwenye mkoba.