Semina za lishe kwa familia zenye kipato kidogo: zifutwe, hela ziende kwenye chakula?

Hoja iliyo mezani ni kwamba mafunzo ya lishe kwa wenye kipato kidogo yafutwe na fedha zake ziwe ruzuku ya mboga na matunda. Wanaoitetea wanasema maskini hakosi elimu, anakosa hela.

Kwa sehemu kubwa nakubaliana nao. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikadiria kuwa mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni 2.8 hawakuweza kumudu mlo wenye afya. Huwezi kumhimiza mtu wa kundi hilo ale gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, kisha ukakunja mabango yako ukaondoka. Na ruzuku inafanya kazi. Katika jaribio la Massachusetts, Marekani, la 2011 hadi 2012, familia zilizokuwa kwenye msaada wa chakula zilirudishiwa senti 30 kwa kila dola iliyonunua mboga na matunda. Wakavila kwa asilimia 26 zaidi ya wasiorudishiwa.

Ila kuna jambo mnalipita haraka mno. Mtoto mdogo hukataa chakula kigeni. Huenda akaonjeshwa mara 8 hadi 15 ndipo akizoee. Mwenye nazo humwaga kilichobaki, kesho akajaribu tena. Mzazi anayehesabu kila senti hana ubavu huo: chakula kikikataliwa, mtoto analala njaa na hela imeshakwenda. Kwa hiyo hununua kile anachojua kitaliwa. Huo si ujinga, ni hesabu, na inaniuma kuona mtu huyo akiitwa kufundishwa umuhimu wa mboga kana kwamba hajui.

Mimi nasema darasa lije na chakula chenyewe. Kipikwe pale pale, kliniki na shuleni, watoto waonje kwa gharama ya mradi, tena wiki baada ya wiki, si siku ya uzinduzi tu.

Yapo pia mafunzo ambayo ruzuku haiyagusi, kama kumnyonyesha mtoto miezi 6 ya mwanzo bila kumpa hata maji. Hayo siyafuti.

Sasa mnaotaka semina zife kabisa, nijibuni: zile sahani kumi za mwanzo, ambazo mtoto atazisukuma pembeni, atazilipia nani?