Nalipia intaneti ya megabiti 20, ghorofani juu zinafika 2, na dawa ninayopewa ni kununua 40!

Jamani, nimevumilia tangu mwezi wa tatu, sasa basi.

Nyumba yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale. Ya ghorofa mbili, ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake wapata dhiraa. Mafundi walipokuja kufunga faiba niliwaambia kabla hawajatoboa hata tundu moja: mimi kazi yangu naifanyia juu na watoto wanasomea juu, kwa hivyo ruta, hicho kifaa kinachorusha waifai, iwekeni ngazini, katikati ya nyumba. Wakasema waya waliokuja nao haufiki. Wakaibandika chini, nyuma ya mlango wa kuingilia, ubavuni mwa mita ya umeme. Wakapima kwa simu wakiwa wamesimama hatua moja mbele yake, wakanionyesha 20, nikatia sahihi, wakaenda zao. Kila nikilalamika naonyeshwa ile sahihi.

Sebuleni napata 18, 19. Ghorofa ya kwanza 6. Juu kabisa 2, na baada ya isha hata hiyo 2 siioni. Kazi yangu ni kusikiliza rekodi za sauti na kuziandika. Mwezi uliopita nimenyang'anywa kazi mbili kwa kuwa faili zilikatikia njiani nikizituma. Hiyo ni pesa ya chakula.

Nimepiga simu huduma kwa wateja mara saba, kila moja nimeiandika tarehe na saa kwenye daftari. Mara nne jibu ni lilelile: zima, ngoja dakika moja, washa. Mara ya tano nikaambiwa ni hitilafu ya nyaya za baharini. Hapo ndipo nilipowaka. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zimetua hapahapa Mombasa tangu 2009, EASSy ikafuata 2010. Kama bahari ndiyo yenye kosa, mbona sebuleni haikwami? Yule kijana angali kwenye laini, nikashuka na laptopu, nikaichomeka kwenye ruta kwa waya, nikapima: 20 kamili. Nikamwambia. Akanyamaza, halafu akasema, "Mama, jaribu kupanda kifurushi cha 40."

40 za nini? Zitafika mpaka nyuma ya mlango, na ukuta uleule utazimeza.

Mara ya sita wakaniuzia kile kifaa cha kurudia mawimbi, shilingi 3,500, na fundi wao akakichomeka juu kabisa, mezani pangu. Jamani! Kifaa kile hakina intaneti yake. Kinachukua kile kinachokifikia hewani na kukirusha tena, na kwa kuwa kinapokea na kutuma kwa masafa yaleyale, kasi inapungua karibu nusu. Ukikiweka pale ambapo mawimbi yameshakufa, kitarudia nini? Simu ikaanza kuonyesha vijiti vyote vimejaa, nami nikipima napata 1. Vile vijiti vinakwambia umbali wako na kile kifaa tu, havisemi lolote juu ya kinachofika kutoka chini. Nilikishusha mwenyewe hadi kwenye kona ya ngazi, na juu nikapata 4. Kazi ya dakika 2, na fundi aliyelipwa hakuifanya.

Na hii ya usiku pia nimeitafuta mwenyewe. Mpwa wangu aliniwekea kwenye simu programu ya kuonyesha mawimbi ya majirani. Nyumba zetu zimebanana, unajua, mtu anaweza kumpa jirani kikombe cha chai dirishani. Nikahesabu waifai 14, nyingi zimerundikana chaneli ya 6, na yangu imo humo humo. Kwenye masafa ya gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu. Wote wakirudi nyumbani na kuwasha, tunapigania njia moja. Nikaihamishia 11, upana wa chaneli nikaushusha kutoka megahezi 40 hadi 20, na zile gigahezi 5, masafa ya pili ya ruta, nikazipa jina lake mbali. Hizo 5 ni za kasi, ila ukuta kama wetu hazipiti, na simu yangu ilikuwa inazing'ang'ania hadi inakwama. Sasa usiku ghorofa ya kwanza inashika 9. Haya yote hakuna hata mmoja kati ya hao saba aliyeyataja, na mshahara wao unatoka kwa shilingi 3,000 zangu za kila mwezi.

Ninachotaka ni kidogo: warudi na waya wa mita 15, waipandishe ruta ngazini nilipowaonyesha siku ya kwanza, na warudishe 3,500 yangu. Kuihamisha mwenyewe siruhusiwi, eti nitavunja mkataba.

Jumatatu nawapigia mara ya nane. Wakinijibu tena habari ya 40, daftari langu nalipeleka Mamlaka ya Mawasiliano. Mlioko Kibokoni, Kuze na Mkanyageni, nanyi mmefungiwa nyuma ya mlango hivi? Na kama kuna aliyewahi kuwarudisha waje na waya mrefu, tafadhali aniambie alisema nini na ilichukua siku ngapi.